Maswali yenu: Kaseti za baba, ngoma za kijijini na chuo kikuu

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na wengine wote salamu zenu. Toleo lililopita tuligusia kidogo habari ya vyuo vikuu kutunza sauti, yaani nyimbo za asili, hadithi, maombolezo, majigambo ya wazee, halafu tukawauliza nyie wa Nyanda za Juu Kusini huko majumbani mna nini. Aisee barua zimekuja, nyingine meseji ndefu kweli kweli. Zilizouliza kitu kimoja nimeziunganisha, majina nimeyatoa kama mlivyoomba wengi.

Nina boksi la kaseti, nianzie wapi?

*Shikamoo. Baba yangu alikuwa anapenda sana kurekodi, miaka ya themanini kila msiba mkubwa na kila ngoma hapa kwetu yeye yupo na redio kaseti yake. Ameshafariki, mama amenikabidhi boksi lina kaseti kama arobaini, miaka yote limekaa darini kule jikoni. Nyingine zina vumbi jeupe ndani. Nilijaribu moja kwenye redio ya jirani ikatafuna utepe, nikaogopa nikaacha. Sasa nizipeleke kwa wale vijana wa stendi wanaojaza nyimbo kwenye flashi wanihamishie? Ndaga fijo.*
*Wa Tukuyu*

Marahaba, na pole kwa baba. Umefanya la maana sana kuacha pale ilipotafuna maana wengi huwa wanaendelea kujaribu nyingine na nyingine mpaka zinaisha.

Hilo vumbi jeupe ni ukungu. Tukuyu kwa mwaka inanyesha zaidi ya milimita 2000, na darini kwa jiko ni joto mchana, baridi usiku, moshi juu yake, kwa hiyo hata sishangai. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa kahawia kwa gundi, na ule unga ndio umebeba sauti yenyewe. Ukungu unashambulia ile gundi, gundi ikilegea unga unabanduka, na unga uliobaki kwenye hedi ya redio, kile kijichuma kinachosoma utepe, ndio wimbo wa babu umeondoka hivyo, haurudi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza zishushe leo leo uziweke chumba kikavu, zisimame wima, mbali na spika maana spika ina sumaku, na usizianike juani hata kidogo. Zenye ukungu zitenge peke yake na ukizishika vaa barakoa, ule ukungu unaumiza kifua. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji. Na usizipige kwenye redio yoyote kwa sasa kwa sababu ukungu unahamia kwenye hedi, halafu kutoka kwenye hedi unaingia kwenye kaseti nzima ambazo hazikuwa na shida. Halafu kila kaseti angalia ule ukingo wa nyuma, upande usioonyesha utepe, kuna vijino viwili vidogo vya plastiki, vivunje. Ukishavivunja redio haiwezi kurekodi juu yake. Nyimbo ngapi za wazee zimefutwa na mtoto aliyetaka kurekodi matangazo ya mpira!

Ile iliyotafunwa usiikate. Zungusha kwa penseli pole pole utepe urudi ndani bila kukunjamana. Kama ganda lake limefungwa kwa skrubu tano ndogo linafunguka, utepe unahamishiwa kwenye ganda la kaseti nyingine, ila kama limegundishwa muachie mtu mwenye uzoefu. Na kuna kitu kingine watu hawakijui: katikati ya kaseti, nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha manyoya kimekaa juu ya kijibati chembamba, kazi yake ni kuubana utepe ushikane na hedi. Kikibanduka, na kwa kaseti za umri huo kinabanduka sana, sauti inakuwa hafifu inafifia na kurudi, watu wanasema kaseti imekufa wanatupa, kumbe ni hako kakipande tu na kanabandikwa kengine.

Vijana wa stendi, hapana. Siwasemi vibaya, kazi yao wanaijua, ila kazi yao ni nyimbo za kusikiliza kwenye gari. Watakuwekea MP3, wataongeza besi, na watakata pale mwanzo baba anapoongea kabla ngoma haijaanza. Hapo hapo panapokatwa ndipo pengine alipotaja mwaka, kijiji na msiba wa nani. Chuoni wanaofanya hii kazi vizuri wanahamisha kwa faili la WAV, ambalo halibani sauti, biti 24, kilohezi (kHz) 96, au ikishindikana 48, na hawasafishi kitu kwenye faili mama, mikwaruzo inabaki kama ilivyo, anayetaka kusafisha anasafisha nakala. Saa moja kwa kiwango hicho cha juu ni kama GB 2, kwa hiyo hizo zako arobaini kama ni za saa moja moja ni GB 80 hivi, zinaenea kwenye diski ya nje ya kawaida kabisa na nafasi inabaki. Kaseti ikishakuwa safi inapigwa mara moja tu, na mara hiyo hiyo ndiyo inarekodiwa, hedi imesafishwa kwa pamba na spiriti, kompyuta inatumia betri ili ule mvumo wa umeme usiingie.

Haraka ipo na si ya kutishana. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha watunza sauti, IASA, walitoa tahadhari kwamba ikifika karibu 2025 mashine nzuri za kuchezea tepu zitakuwa zimeadimika na mafundi wake wamestaafu. Hiyo 2025 imeshafika. Muulize fundi redio wa hapo Tukuyu mara ya mwisho kupata mkanda mpya wa deki ni lini.

Ila sasa, kitu ninachotaka ukifanye kabla ya yote haya ni kukaa na mama. Wewe unaniambia kaseti ndizo zinaharibika, mi nakwambia kaseti kavu isiyo na ukungu inaweza kungoja miaka kadhaa, mama hawezi. Baba hakuandika kwenye maganda, si ndiyo? Basi nani anapiga ile ngoma, nani anaanzisha, msiba ulikuwa wa nani, kwa nini pale wameimba vile, mama anajua, na baba zako wadogo wanajua. Ukishapata hata nakala tano, mpigie mama asikilize, na wewe uwe na simu pembeni inamrekodi yeye anavyosikiliza na anavyoongea. Acha acheke, acha alie, acha aseme huyo ni fulani wa Lwangwa alikuwa na sauti hiyo. Rekodi hiyo ya pili inaambatana na ile ya kwanza, ina thamani ileile, na ukiniuliza mimi nitasema inaipita.

Kuhusu chuo, upande wetu vipo, Iringa kuna Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa, Mbeya kuna MUST na TEKU, na Dar kuna UDSM yenye idara ya sanaa na taasisi ya Kiswahili. Kabla hujabeba boksi piga simu uulize: nani hasa anatunza sauti, mashine wanayo, chumba kikoje, mimi nabaki na nakala gani, na nani ataruhusiwa kusikiliza. Wakijibu kwa kubabaika rudi na boksi lako nyumbani. Na popote utakapokabidhi, pawe na karatasi yenye sahihi na idadi ya kaseti.

Simu inatosha kurekodi wazee?

*Mambo vipi. Mimi mwanafunzi mwaka wa tatu hapa Iringa, nataka kurekodi wazee wa Kihehe huko Kalenga na Mlambalasi kwa ajili ya tasnifu yangu, ila sina vifaa, nina simu tu. Wenzangu wanasema bila rekoda ya maana ni kazi bure.*
*Wa Kihesa*

Wenzako wamekosea. Rekoda ni nzuri ukiipata, omba idarani, lakini simu iliyopo inarekodi mzee aliyepo. Tafuta programu ya kurekodi inayotoa WAV, zima mtandao wote meseji zisiingie katikati, iweke juu ya kitenge kilichokunjwa kama mita moja kutoka mdomoni, usiiweke kwenye meza ambayo mtu anaigonga. Ngoma ikianza rudi nyuma hatua kadhaa maana ukikaa karibu sauti inapasuka na ikishapasuka haitengenezeki. Jaribu nusu dakika kwanza, sikiliza kwa spika za masikioni. Chini ya bati mvua ikianza, simama, pigeni stori mpaka iishe.

Halafu usitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti ukadhani umehifadhi, inabanwa sana. Kama ni lazima utume, tuma kama dokumenti, hapo faili halibadiliki.

Ila nije kwenye kinachoniuma zaidi, ambacho ni maneno ya kuzunguka wimbo. Ukibonyeza kurekodi tu, sema wewe mwenyewe kwa sauti: tarehe, kijiji, kitongoji, nani anaimba, ana umri gani, nani wengine wapo, lugha gani. Mzee akimaliza usikimbilie wimbo wa pili. Muulize alifundishwa na nani na wapi, unaimbwa saa ngapi, shughuli gani, nani hatakiwi kuuimba, na yale maneno ya ndani ambayo hata vijana wa Kihehe wa mjini hawayaelewi yana maana gani. Akikosea akaanza upya usifute ile ya kwanza. Akikaza nyuzi kabla ya kupiga, rekodi na huko kukaza.

Nakupa mfano wa ligombo. Wengi wa rika lako hamjaliona, ni ubao mrefu uliochimbwa kama hori, nyuzi zimevutwa juu yake, na kibuyu cha kukuza sauti, mtu anapiga huku anasifu machifu na kusimulia mambo yaliyopita. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na gari lake na mashine akarekodi Wahehe, Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya na wengine, na ligombo limo humo. Leo, miaka zaidi ya 70, unaweza kulisikia, na sababu inayofanya tujue tunasikia nini ni kwamba kila wimbo alikuwa anaujazia kadi: lugha, mahali, mpigaji, ala. Kadi hizo zingekosekana tungekuwa na nyuzi zinalia tu hatujui ni nani wala kwa nini.

Na kwa vile unaenda Kalenga, pale makumbusho ndipo lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, wageni wote wanaliulizia hilo. Wewe waulize wazee kuhusu nyimbo. Vita ya Lugalo ya 1891 imeandikwa sana vitabuni, ila namna inavyosimuliwa kwa Kihehe jioni mbele ya wajukuu, na pale msimuliaji anapoacha kuongea akaanza kuimba, hiyo vitabuni hamna. Mshauri wako atauliza kibali na barua ya ridhaa, viandae, na hiyo ridhaa isomwe kwa lugha anayoielewa mzee na akubali kwa sauti kwenye rekodi.

Zile ngoma walizorekodi Wazungu ziko wapi?

*Mimi ni mzee wa hapa Kyela. Tulipokuwa wadogo tukiambiwa kwamba Wajerumani na baadaye Waingereza walikuwa wanapita na mashine wanarekodi ngoma na kuandika habari zetu. Je hivyo vitu vipo bado, na sisi wenyewe tunavipataje?*
*Mzee wa Mapenenga*

Shikamoo mzee wangu. Vingine vipo.

Berlin kuna nyumba ya kumbukumbu za sauti iliyoanza mwaka 1900, inaitwa Phonogramm-Archiv. Enzi hizo walikuwa wanarekodi kwenye mitungi ya nta, unaimba kwenye tarumbeta, sindano inachora kwenye nta, dakika mbili tatu imejaa. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani, alipokuja kusini mwa nchi yetu 1906 alibeba mashine hiyo, ila yeye alizunguka upande wa Lindi na Makonde. Vienna kuna ya 1899, kongwe kuliko zote duniani, nao wana rekodi za Afrika Mashariki za mtafiti wa muziki Gerhard Kubik aliyepita Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na zile za Tracey ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha 1954, ILAM, ambayo tangu 1978 ipo ndani ya Rhodes University mji wa Makhanda uliokuwa unaitwa Grahamstown.

Kwa upande wenu Unyakyusa kuna hazina nyingine ya maandishi. Watafiti Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi huko kati ya 1934 na 1938, wakaandika misiba, matambiko, maneno ya watu, na makaratasi yao ya utafiti yametunzwa University of Cape Town. Humo kuna maneno ya babu zenu wakiwa hai wanaongea.

Kuvipata kunaanza na kuuliza kwa majina ya zamani, hapa watu wengi wanakwama. Ukiwaandikia Wajerumani ukatafuta Wanyakyusa unaweza usione kitu, wao walikuwa wanaandika Konde. Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Kwenye vitu vya Mwingereza tafuta Tanganyika Territory. Andika barua kupitia chuo au ofisi ya utamaduni ya wilaya, taja kijiji, taja aina ya ngoma, na mseme wazi kwamba mnataka nakala ya kukaa Kyela. Maombi ya namna hiyo siku hizi wanayapokea vizuri kuliko zamani. ILAM wamepeleka nakala za nyimbo za Wakipsigis Kenya mpaka vijijini zilikorekodiwa, na Makerere kule Uganda walirudishiwa kutoka Uingereza nakala za rekodi za Klaus Wachsmann, aliyerekodi nchi nzima miaka ya mwisho ya arobaini na mwanzo wa hamsini, leo chuo chenyewe kina kumbukumbu yenye jina lake na Waganda wanasikiliza pale pale Kampala. Ghana nao, kwenye chuo kikuu chao cha Legon, wana ya kwao, yenye jina la Nketia, kazi iliyofanywa na mwenyeji mwenyewe. Mi huwa naisema hiyo ya Ghana kila nikipata nafasi, maana inaonyesha kwamba hakuna ulazima wa kungoja mgeni arekodi ndipo tumwombe arudishe.

Sasa mzee na wewe nakuomba. Umejiita wa mapenenga. Ile ngoma ilitokana na beni za askari, mistari, vyeo, gwaride, na vile vibuyu vya kupulizia vyenye utando vinavyotoa sauti ya tarumbeta. Nani anajua kutengeneza kibuyu hicho hapo Kyela leo? Utando wanautoa wapi, wanabandika na nini? Amri za gwaride zinatolewa kwa lugha gani, na vyeo mlikuwa mnapeana vipi? Mwite mjukuu mwenye simu akurekodi ukieleza na mikono yako ikionekana, video hapo ni bora kuliko sauti peke yake. Hicho hakiko Berlin wala Vienna.

Nyimbo za siri za wanawake nazo ziende chuoni?

*Habari. Huku kwetu Mbozi kuna nyimbo tunazofundishwa sisi wanawake mwali akichezwa, mwanaume hasikii. Bibi zetu waliozijua vizuri wamebaki wachache. Binti mmoja wa chuo amekuja anataka kurekodi. Tunaogopa zitazagaa, na tukikataa tunaogopa zitapotea.*
*Mama wa Vwawa*

Dada, hofu zote mbili ni za kweli na hakuna mtu wa nje anayeweza kuwaamulia, si mimi, si chuo. Kaeni nyie wenyewe na hao bibi muamue.

Ila mjue kwamba kuhifadhi na kusikilizwa na kila mtu ni mambo mawili. Kumbukumbu ya sauti inayoendeshwa vizuri ina rekodi zilizo wazi na zilizofungwa. Mnaweza kuandika kwamba hizi zinarekodiwa na mwanamke, zinaandikwa maneno na mwanamke, na anayesikiliza ni mwanamke tena kwa idhini ya watu mliowataja kwa majina ya nyadhifa zao, kwa mfano somo wa ukoo fulani. Mnaweza kusema zifungwe miaka kadhaa. Mnaweza kusema mafundisho yarekodiwe ila nyimbo zenyewe zisirekodiwe. Na mnaweza kukataa kabisa, kukataa nako ni haki yenu, na mkikataa basi wekeni mpango bibi wakae na mabinti wawili watatu wenye kichwa wawafundishe mdomo kwa mdomo kama zamani.

Muulizeni binti, tena mbele ya mwalimu wake kwa simu: faili litakaa kwenye kompyuta ya nani, anayetunza ni mwanaume au mwanamke, na yeye akimaliza chuo nakala yake inaenda wapi. Hilo la mwisho ndilo linalovujisha vitu, nakala iliyosahaulika kwenye laptopu. Kama hana jibu la kueleweka, asirekodi siku hiyo. Na msirekodi kwa simu za mtu mmoja mmoja mkarushiana kwenye grupu, hapo hata Mungu hawezi kuzirudisha.

Wametupiga video wamepata pesa, sisi je?

*Sisi kikundi cha ngoma Makete. Jamaa alikuja akatupiga video, tukampikia na kuku, baadaye tunaona YouTube watu wanaangalia kweli kweli na sisi hatujapata hata soda. Sasa chuo nacho kinataka kuturekodi. Kuna tofauti gani?*
*Katibu wa kikundi*

Tofauti iko kwenye karatasi mtakayosaini, basi. Chuo bila makubaliano ni jamaa mwingine tu mwenye kamera.

Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua hata mtumbuizaji, yaani anayeimba na kucheza ana haki zake hata kama wimbo ni wa mababu, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kwa hiyo msije mkaambiwa wimbo wa asili hauna mwenyewe. Kikundi kisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kazi zenu ziandikisheni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kuhusu yule jamaa pelekeni malalamiko COSOTA mkiwa na ushahidi: tarehe aliyokuja, majina ya waliocheza, picha za hiyo video.

Kwenye makubaliano na chuo yawepo mambo haya kwa Kiswahili cha kawaida: majina ya wote walioimba, si la kiongozi peke yake. Kwamba wanafunzi wanaruhusiwa kusikiliza na kujifunza, lakini kuuza, kutumia kwenye tangazo au kuweka mtandaoni lazima waje kwenu kwanza. Pesa ikipatikana mnagawanaje. Nakala kamili mnapewa ndani ya muda gani, kwenye kifaa gani. Na mtu akitaka sauti yake iondolewe afanyeje. Kama anayekuja ni mtafiti mgeni kutoka nje muombeni na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, anatakiwa kuwa nacho.

Siku ya kurekodi walipwe waliocheza. Watu wanaacha shamba la viazi asubuhi nzima, hiyo ni kazi.

Kanisani wanasema tuachane nazo

*Mimi ni mwimbaji wa kwaya hapa Mbeya mjini. Nyimbo za asili kwetu zinaonekana ni za matambiko, je nikizirekodi natenda dhambi?*

Kurekodi bibi anavyombembeleza mtoto, au wimbo wa kulima, au hadithi ya sungura, sioni dhambi hapo, ongea na mchungaji wako kwa utulivu umpigie asikie. Yale ya matambiko kama dhamiri inakukataza waachie wengine. Lakini na kwaya zenu nazo ni za kuhifadhi! Wamoraviani wapo Rungwe tangu 1891, kuna nyimbo za kanisa zilizotungwa na wazee wa huku kwa lugha za huku na sauti zake ni za ngoma kabisa, na waliozitunga hawajaandikwa popote. Anza na hizo, kaseti za kwaya za zamani ziko kwenye kabati za makanisa zinaliwa na ukungu kama za yule wa Tukuyu.

Nimeweka zote kwenye flashi, inatosha?

*Nimerekodi hadithi za bibi kwa Kindali, saa sita nzima, zipo kwenye flashi na nimeificha vizuri.*
*Ileje*

Hongera sana kwa hizo saa sita. Flashi moja haitoshi, inakufa bila kuaga, inapotea, inaingia virusi. Ziwe nakala tatu: moja kwenye kompyuta au diski, moja kwenye kifaa cha aina nyingine, na moja iwe nje ya hapo nyumbani kabisa, kwa ndugu Mbeya au mtandaoni au chuoni, ili nyumba ikiungua isiende na bibi. Kila mwaka zifungue usikilize kidogo kama zinacheza, na kila baada ya miaka michache hamishia kwenye kifaa kipya.

Majina ya mafaili usiache REC001, REC002. Andika mwaka, mwezi, siku, kijiji, na hadithi inahusu nini. Na kwa kuwa bibi yupo, rudi kwake uandike naye maneno yale magumu ya Kindali na maana yake kwa Kiswahili, hadithi moja moja, msimalize siku moja mkamchosha. Muulize pia zile sehemu ambazo wasikilizaji huwa wanaitikia, nani huwa anaitikia na kwa maneno gani, maana ukimrekodi bibi peke yake chumbani mara nyingi hayo anayaruka. Ikiwezekana siku nyingine waite watoto wa jirani wakae, asimulie kwao, na simu iwe pembeni inarekodi na vicheko vyao.